Mkanda wa Kuazima

Mimi ni fundi wa maturubai. Nashona pia viti vya malori na siti za mabasi zilizochanika, lakini watu wa Kizota wananijua kwa turubai. Nalisema hili mapema kwa sababu mwanamke akisema ana cherehani, watu wanamletea kitenge na picha ya gauni kwenye simu. Cherehani yangu haijui kitenge. Ni chuma kizito kilichonunuliwa kikiwa kimeshatumika, sindano yake ni nene, na ikikupata kidole hupigi kelele, unakaa chini kimya unatafuta hewa.

Mdogo wangu alikuja dukani mchana mmoja wa Jumamosi. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu, fundi rangi wa majengo marefu, na wakati ule alikuwa kibarua kwenye hosteli ya ghorofa ambayo mtu binafsi alikuwa akiijenga karibu na Chimwaga. Mkononi alishika mkanda wa usalama. Ni ule ambao fundi anauvaa kiunoni na mapajani, kisha pete yake ya chuma inafungwa kamba, na kamba inafungwa mahali imara juu, ili mguu ukiteleza abaki hewani.

"Dada, hapa pameanza kufunguka," alisema, akanionyesha mahali utepe unapokunjwa kuishika pete. Nyuzi zilikuwa zimelika, nyingine zimekatika kabisa.

"Si uwaambie wakupe mwingine?"

"Nimewaambia. Msimamizi kasema huo unatosha, kama nauogopa niwapishe wenzangu."

Nilimtukana huyo msimamizi ambaye sijawahi kumwona, maana mdomo ninao na siufichi. Kisha nikafumua nyuzi zote za zamani nikaushona upya, mraba na ndani ya mraba msalaba, nikarudia juu yake, kama ninavyoshona masikio ya kupitishia kamba ya turubai la lori linalokwenda safari ndefu. Uzi mweusi ulikuwa umeniishia, nikatumia wa kijani. Akalalamika kwamba rangi hazipatani. Nikamwambia anyamaze, hakuna atakayemwangalia kiuno akiwa ghorofani.

Juu ya mlango wangu kuna bomba la chuma la kutundikia maturubai. Alivaa ule mkanda, akaunganisha pete na bomba kwa kipande cha mnyororo, akakunja miguu, akaning'inia. Huyo ndiye mdogo wangu. Mtu wa kujaribu kiti kabla ya kukikalia, mtu wa kunusa maziwa hata yakikamuliwa mbele ya macho yake. Alizunguka polepole pale mlangoni, mafundi wa gereji ya jirani wanamcheka, na yeye anacheka, halafu akasimama akasema, "Sawa. Huu nauamini."

Nilimwona mara kadhaa baada ya siku hiyo, kanisani na kwenye harusi ya binamu yetu. Lakini nikimkumbuka, namkumbuka pale mlangoni.

Alianguka kabla ya mvua za kwanza. Nilipigiwa simu nikiwa na siti ya basi mapajani, na nilipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Mkandarasi wa ile hosteli alitoa gari la kumsafirisha na akalipia jeneza, hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Tukampeleka kijijini kwetu, magharibi ya mji, tukamzika karibu na baba.

Watu wanadhani mtu anayelia msibani anawaza marehemu tu. Mimi niliwaza uzi. Niliwaza kama nilifunga mwisho wa mshono au niliukata tu kwa haraka kwa sababu dereva wa fuso alikuwa anasubiri turubai lake. Niliwaza kama uzi wa kijani ulikuwa umekaa juani dirishani mpaka ukachoka. Nilikuwa nalia na kushona palepale, kichwani, mraba na msalaba. Hakuna aliyejua kwamba mkanda ule ulipita mikononi mwangu, hata mama. Sikumwambia, na kila siku iliyopita ikafanya kumwambia kuwe kugumu zaidi.

Kwa ukoo wetu, waliotoka tumbo moja na marehemu hawagusi nguo zake, na mama yake hazitazami. Hiyo ni kazi ya shangazi. Vitu vilivyotoka hospitali, nguo alizoanguka nazo na vyote alivyovuliwa, vilikuja ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo, na shangazi akakiweka chini ya kitanda chake mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo alifua vya kufua, akavianika, kisha akavigawa uani mbele ya ndugu. Mimi na mama tulikuwa ndani, tumekaa mkekani, migongo mlangoni, kama inavyotakiwa. Nikasikia majina yakiitwa. Suruali kwa binamu fulani. Viatu kwa mwingine. Halafu nikasikia sauti ya baba mdogo, ndugu wa baba anayefuga, akisema kama hakuna anayeutaka ule mkanda wenye pete, yeye ana dume la ng'ombe lenye kichwa kigumu. Kwa mama na wengine ulikuwa mkanda tu; mimi ndiye niliyejua ni upi.

Nilitaka kugeuka nitazame. Sikugeuka. Nilijiambia ni heshima ya mila, na kwa kweli ilikuwa woga.

Tungeishia hapo, kama watu wengi wanavyoishia, kama si mtu wa mkandarasi kuja nyumbani kwa mama miezi michache baadaye. Alikuja kwa adabu, akavua viatu, akaamkia. Mama alikuwa amemwuliza kwa simu mwanawe alianguka vipi, na yeye akaja kujibu. Akasema vifaa vilikuwepo, mafundi wote walipewa, ila marehemu siku ile alipanda bila kuvaa mkanda. Akasema kampuni inasikitika, lakini ule ulikuwa uzembe wake mwenyewe.

Mama yangu Kiswahili alikipata ukubwani, baada ya Kigogo, na kila neno analolijua analijua kwa uzito wake. Mzembe kwake ni mtu anayeacha uwele uliwe na ndege huku amelala kivulini. Kijijini kwetu ukimwita mtu hivyo, umemwita na waliomlea. Alimsindikiza yule mgeni mpaka njiani, akarudi, akanipigia simu.

"Mwanangu hakuwa mzembe," alisema. "Wewe unakaa mjini. Nenda uwaambie waliondoe hilo neno."

"Wataondoaje, mama? Wameshasema."

"Walikolisemea kuna wakubwa wao. Nenda kwa wakubwa."

Ndivyo kesi ilivyoanza. Watu wengine hufungua kesi ya kifo kwa ajili ya watoto waliobaki au nyumba iliyokwama kwenye linta, na wana haki. Mama yangu alitaka neno moja liondolewe juu ya kaburi.

Wakili niliyempata alikuwa msichana mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye haraka ya kuandika na subira ya kusikiliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba marehemu hawezi kudai, na ndugu hawezi kumdaia mpaka mahakama imtambue kuwa msimamizi wa mirathi yake.

"Mirathi gani?" nilimwuliza. "Alikuwa na baiskeli na ndoo ya brashi."

"Hata kama ni brashi, dada. Bila msimamizi hatuna mtu wa kusimama mahakamani."

Basi tukakaa kikao cha ukoo. Nilidhani kitakuwa kifupi. Wakubwa wakasema kumshtaki mtu kwa ajili ya maiti ni kumuuza marehemu, kwamba mkandarasi alileta jeneza na tukalipokea, kwamba mbele ya kaburi sisi wenyewe tulisema ni mapenzi ya Mungu, sasa tunamgeukia nani? Mmoja akasema hata kama kesi ipo, isimamiwe na mwanaume. Mama alisubiri wamalize. Kisha akasema kila mtu pale amezaa, na yeyote ambaye angependa mtoto wake aliyekufa aitwe mzembe na wageni, ainue mkono, kesi tutaiacha. Hakuna mkono ulioinuka. Wakanichagua mimi, kwa sababu nakaa mjini na kwa sababu ya huu mdomo wangu.

Walinipongeza kwa moyo wa kumpigania mdogo wangu. Nikapokea pongezi zile kama mtu anayevalishwa nguo ya mwenzake. Ningewezaje kuwaambia kwamba nilichokuwa naogopa zaidi ni kushinda?

Mahakama ya Mwanzo ilibandika tangazo, tukasubiri kama kuna mwenye pingamizi, hakutokea, nikapewa barua ya usimamizi. Wakili akafungua kesi. Majibu ya mkandarasi yakaja, na lile neno lilikuwemo, sasa likiwa na muhuri. Vifaa vilitolewa, marehemu hakuvaa. Wenzake walioona alivyoanguka bado walikuwa wanamtegemea mkandarasi yuleyule kwa kibarua cha kesho, na kila niliyemfuata alikuwa ameangalia upande mwingine wakati ule. Sikuwalaumu sana. Niliwalaumu kidogo.

"Mkanda uko wapi?" wakili aliniuliza. "Kama alivuliwa hospitali, basi alikuwa ameuvaa. Ukipatikana, utetezi wao umekwisha."

Nikasema sijui. Nilijua vizuri sana. Ulikuwa kwa baba mdogo, shingoni mwa dume la ng'ombe.

Nilirudi dukani nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi na mbaya. Mkanda ukipatikana, mama ataondolewa neno lake. Lakini ukipatikana umefumuka pale kwenye pete, nyuzi za kijani zimening'inia, basi aliyemwua mdogo wangu ni mimi, na nitakuwa nimelipia wakili anisaidie kulithibitisha. Usipopatikana, nitaishi bila kujua, na mama atazeeka na lile neno. Nilivuta siku kwa visingizio, wiki hii kuna kazi nyingi, wiki ijayo barabara mbovu. Kilichonitoa ni mama mwenyewe. Alipiga simu kuuliza kesi imefika wapi, na kabla ya kukata akasema kwamba kule kisimani mtu alimwuliza kama ni kweli kijana wake alipanda juu bila mkanda. Kesho yake nikafunga duka.

Baba mdogo alinipokea kwa furaha mpaka nikaona aibu. Nilisema "Mbukwenyi" langoni, nikaitikiwa na nyumba nzima, nikawapigia wakubwa shikamoo zao, na nikaelewa kuwa haraka yangu niliiacha mjini. Kwanza niliulizwa habari za mama, za duka, za mvua. Kisha nikaletewa ugali wa uwele na mlenda. Nikala. Ndipo nikasema nimekuja kuuangalia ule mkanda.

"Umekwenda machungani," alisema baba mdogo.

"Mkanda?"

"Dume. Halitembei bila mkanda. Lilikuwa linakata kila kamba, tangu nimelivisha hilo dude limekuwa mchungaji wa kanisa. Subiri jioni."

Nikasubiri. Nimewahi kusubiri majibu ya hospitali, nimewahi kusubiri matokeo ya mtihani wa mtoto, lakini sijawahi kusubiri kama nilivyomsubiri ng'ombe yule. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu kwenye uwanda, na kila vumbi likiinuka nilidhani ni wao. Shangazi alikuwepo, akaniangalia akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua.

Walirudi jua likiwa chini. Dume lilikuja nyuma ya wengine, jeusi lenye baka jeupe ubavuni, na shingoni lilikuwa limefungwa mkanda wa mdogo wangu. Baba mdogo akalishika pembe, akaniita. "Njoo, haling'ati." Nikasogea. Mkanda ulikuwa umeshika samadi na matope makavu, sioni rangi wala mshono. Nikatemea mate kwenye kanga yangu nikaanza kusugua pale kwenye pete, nikasugua kwa nguvu mpaka lile dume likageuza kichwa kunitazama.

Kijani kikatokea kidogo. Nikasugua tena. Upande mmoja wa mraba. Msalaba. Upande wa pili. Nikapitisha ukucha chini ya kila mstari, kama ninavyokagua kazi kabla mteja hajaichukua, na hakuna uzi ulioinuka. Mshono ulikuwa mzima kama siku nilipomaliza kuushona.

Kwenye pete kulikuwa na kipande cha kamba ya zamani, urefu wa kiganja, na baba mdogo alikuwa ameunganisha katani yake hapo. Nikakishika. Kilikuwa kigumu, kimepauka kwa jua, na mwisho wake ulikuwa umechanikachanika. Kamba ya mkandarasi. Ndiyo iliyokatika.

Nililia nimeegemea ng'ombe. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani, najua tu kwamba baba mdogo aliendelea kulishika pembe bila kuuliza, na shangazi akatoka ndani akarudi ndani. Nililia kwa sababu sikumwua. Halafu nikalia kwa sababu alikuwa amefanya kila kitu ambacho mtu mwangalifu anafanya, na bado tumemzika.

Nilipotulia nikamwambia baba mdogo nauhitaji mkanda ule mahakamani. Uso wake ukabadilika.

"Hicho kilishagawiwa," alisema. "Kitu cha marehemu kikigawiwa hakirudi kwa waliotoka naye tumbo moja. Unataka tukuzike na wewe?"

"Baba, ni kwa ajili yake."

"Najua ni kwa ajili yake. Sikupi."

Mimi nina hasira za karibu, na pale zilinipanda. Nilisema maneno kuhusu ng'ombe na watu ambayo sitayaandika. Shangazi, aliyekuwa amekaa jikoni akisikiliza, ndiye aliyeita kutoka ndani: "Kwani umekatazwa kuazima?"

Baba mdogo akafikiri. Akalizunguka dume lake mara moja, akashika ule mkanda, akauachia. Kuazima hakukuwa kurudisha. Mali inabaki yake. Lakini hatanikabidhi mimi mkononi, maana mimi ndiye nisiyetakiwa kuugusa, na tayari nilikuwa nimeusugua kwa mate, hilo tutajifanya hatukuliona. Ataubeba yeye mwenyewe mpaka mjini, ataukalisha mapajani mwake, na shauri likiisha atarudi nao.

Wakili aliufurahia mpango huu kuliko nilivyotarajia. Alisema ni vizuri zaidi, kwamba mahakama itataka kujua mkanda umepita mikononi mwa nani, na sasa ina mtu wa kumwuliza. Aliukagua ukiwa mikononi mwa baba mdogo, akasimamisha kidole ubavuni, palipokuwa na fundo. Baba mdogo akaeleza kwamba alikuta utepe umekatwa hapo, akaufunga. Wakili akalifungua lile fundo. Utepe ulikuwa umekatwa kwa mkasi, mstari mmoja safi. Hospitali walimkata mkanda ili wamvue. Alikuwa ameuvaa.

Kisha wakili akanichukua pembeni. "Wataniuliza tunajuaje kwamba huu ni wake. Mikanda inafanana."

Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu mwingine. Akasema nifikirie vizuri, maana nikisema nimeushona mimi, wataligeuza, watasema mkanda ulikuwa mzuri mpaka dada mtu alipouchezea. Nikamwuliza kama kuna njia nyingine ya kuutambua. Akasema hakuna.

Siku ya kusikilizwa, mama alikaa benchi la pili amevaa kitenge chake cha kanisani. Baba mdogo alikaa kando yake, koti lake la msibani limebana mabegani, mkanda uko mapajani, umefunikwa kwa leso ili mama asiutazame. Karani alipokuja kuuchukua ili uwe kielelezo, mzee akaushikilia. Hakimu akauliza kuna nini.

"Mheshimiwa, hiki ni changu," alisema baba mdogo. "Nimemwazima huyu mtoto. Mkimaliza mnirudishie. Dume langu leo limefungwa kwa kamba mbovu."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alimtazama mzee, akasema, "Na mahakama nayo inaazima, mzee wangu." Ndipo baba mdogo akauachia.

Zamu yangu ilipofika niliapa, nikaulizwa kama nautambua mkanda. Nikasema nautambua. Kwa alama gani? Nikasema kwa mshono wa kijani kwenye pete, kwa kuwa niliushona mimi. Nilisema nikimtazama hakimu kwa sababu sikuweza kutazama benchi la pili.

Wakili wa mkandarasi alisimama, kijana nadhifu, sauti ya upole.

"Una utaalamu gani wa vifaa vya usalama?"

"Nashona maturubai."

"Turubai si binadamu."

"Hapana."

"Kwa hiyo marehemu alikuletea wewe, fundi wa turubai, kifaa cha kuokolea maisha, na wewe ukamwambia kinafaa?"

"Ndiyo," nikasema. "Na kilifaa. Kilichokatika ni kamba yenu. Uvute huo mshono, uko mbele yako."

Aliuangalia mkanda pale mezani. Ulikuwa bado na harufu ya zizi. Hakuuvuta. Akasema hana swali jingine, na hakimu akaandika kwa muda mrefu.

Tulitoka pamoja na mama. Alinishika mkono kushuka ngazi kama anavyofanya siku zote, tukanunua maji, akapanda gari na baba mdogo kurudi nyumbani. Siku zilizofuata aliongea nami kwa simu kuhusu kuku na mtama. Kuhusu mshono, hakuna. Nilijua ananiwazia, na nilidhani najua anawaza nini. Kwamba nilimficha. Kwamba ningeweza kumzuia asipande na badala yake nikachukua uzi.

Hukumu iliahirishwa mara nyingi mpaka nikazoea viti vya korido. Ilipokuja, hakimu alisema marehemu alikuwa amevaa mkanda, kwamba kamba aliyopewa ilikuwa imechakaa, na kwamba hakukuwa na uzembe wowote kwa upande wa marehemu. Mkandarasi amekata rufaa kuhusu kiasi cha fidia, na mawakili bado wanavutana hapo. Neno hawakulikatia rufaa. Nilimsomea mama kwa simu, akaniomba nirudie sehemu ile, nikarudia, akasema haya, akakata.

Mkanda bado uko mahakamani mpaka rufaa iishe. Baba mdogo hupiga simu kuuulizia. Nimemshonea mwingine kwa utepe wa lori, na amelalamika kwamba nimetumia uzi mweusi.

Wiki moja baada ya hukumu mama alikuja Kizota. Hajawahi kupenda dukani kwangu, anasema kelele za gereji zinamwingia kwenye meno. Nilimwona amesimama nje mlangoni, mfuko wa karanga mkononi, anaangalia juu.

"Ni bomba hili?" aliuliza.

Mahakamani nilikuwa nimeeleza mdogo wangu alivyoujaribu mkanda kwenye bomba. Sikudhani kama alilisikia hilo. Nikasema ndilo.

"Miguu yake iligusa chini?"

"Aliikunja, mama."

"Na mkanda ukamshika."

"Ukamshika. Akasema anauamini."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, mara kadhaa. "Nilikuwa nalala nawaza alipanda kule peke yake," akasema. "Kumbe alipita kwako kwanza."

Akaweka mfuko wa karanga chini. Bomba liko juu kidogo kwake, ilibidi asimame kwa ncha za vidole. Akalishika kwa mikono yote miwili, akakunja magoti kidogo tu, kiasi cha mzee, akaliacha libebe uzito wake. Nikazima cherehani.